Kulivua Bango

Leo asubuhi, Njiapanda ya Himo,
nimesimama na karatasi ya kibali mkononi
nikiwatazama vijana wawili wakilivua bango.
Kundaeli yuko juu, kisu ameking'ata kwa meno,
mwenzake chini anavuta kamba, ananisemesha:
"Mama, hili lina nguo nyingi kuliko bibi harusi."

Mama.
Mwaka jana nilikuwa bado dada.

Turubai la kwanza linaanguka: mtandao wa simu,
msichana na meno yake yote thelathini na mawili,
ONGEA MPAKA USIKU UISHE.
Hayo niliyaandika mimi, nyumbani Rau, saa nane za usiku,
na mume wangu upande wa pili wa kitanda,
hatujasemezana tangu Jumanne.

Chini ya simu, rangi za nyumba. Chini ya rangi, bia.
Ile bia tuliizindua Majengo;
niligawa fulana mpaka zikaniishia,
na mwalimu wangu wa darasa la tano akapanga foleni mara mbili.
Nilijifanya simjui.
Naye akanistahi, akajifanya hivyo hivyo.

Chini ya bia, mbegu za mahindi.
Hazikuota vizuri.
Wakati huo nilishahamia bima.

Kazi yangu ya kwanza haikupata bango.
Ilikuwa sabuni ya Bwana Hirji, mimi na kipaza sauti
nyuma ya pikapu, Mbuyuni hadi Pasua, jua la Februari.
"Litaje jina mara saba," aliniambia,
"la nane atalitaja mteja mwenyewe."
Nililitaja mpaka koo likapasuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja
na sabuni ile ilikuwa na povu kweli.

Halafu kahawa.
Nilimpiga mama picha kihambani, Kibosho,
nikamshikisha kikombe, nikamwambia cheka kidogo.
Ndani ya kikombe mlikuwa na chai.
Mama hajawahi kunywa kahawa;
anasema kahawa ni ya kulipia ada.
Uso wake ulisafiri hadi nchi zenye theluji mitaani,
na pakiti moja ikarudi, iko juu ya kabati lake,
ametia ndani vifungo na sindano.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Miaka ishirini na mitatu nimekuwa miguu ya hicho kibaya;
na mara moja moja, naapa,
miguu ya kizuri chenye haya.

Mwezi wa kumi natimiza arobaini na nne.
Vijana wa ofisi ya Arusha wananisifu kwa "uzoefu",
neno wanalolitamka kama jina la ugonjwa wa magoti.
Wananionyesha grafu: vidole vingapi vimegusa, kwa sekunde ngapi.
Nauliza, wamenunua?
Wanatazamana.
Sijui kama lile lilikuwa swali la mtu mwenye hekima
au la mtu anayekaribia kuagwa kwa keki.

Kundaeli amefika kwenye chuma kitupu.
Ndani ya fremu pale panapotakiwa kuwa na mlima
pana wingu, na hakuna anayelalamika.

Mama mmoja amevuka barabara kutoka shambani,
Nakijwa, ndivyo anavyojitambulisha, Mpare, hana maneno mengi.
Anataka turubai. Maharage yake yameanikwa na mvua inanukia.
Namchagulia lile la simu, ndilo jipya.
Analigeuza, upande mweupe juu, picha chini.
"Hutaki picha ionekane?"
"Maharage hayasomi," anasema.

Basi nimevua viatu vya ofisi,
nimeshika pembe moja, yeye pembe nyingine,
tunamlaza yule msichana kifudifudi juu ya mavuno,
mdomo wazi,
aongee nayo
mpaka usiku uishe.